Jicho la Mwenzi: Namna Kata ya Karate Inavyosahihishwa na Wanaojifunza Pamoja

Neno kata, kama litumikavyo katika karate, ni neno la Kijapani lenye maana ya umbo au kiolezo. Lisichanganywe na kata ya Kiswahili, ile ya kuchotea maji. Kata ya karate ni mfululizo wa hatua, kinga na mapigo uliokwisha kupangwa, ambao mtu huutenda peke yake kana kwamba amezungukwa na adui. Lakini kwa kuwa adui hayupo, hakuna wa kumfunulia mtendaji makosa yake: ngumi iliyolegea haizuiwi na mtu, wala kinga iliyochelewa haileti maumivu. Mtendaji hudhani kwamba nyonga imegeuka kumbe haikugeuka. Nyani haoni kundule, na katika kata methali hii ni kweli tupu. Kwa hiyo maendeleo ya mwanafunzi hutegemea sana jicho la mwenzi, na manufaa ya jicho hilo hutegemea maneno yatumiwayo kueleza lililoonekana.

Kabla ya mwenzi kusema neno, hana budi kujua ni kata ya mapokeo gani anayoitazama. Mwanzoni mwa karne ya 20 Itosu Anko wa Okinawa, aliyefariki mwaka 1915, alitunga kata tano ziitwazo Pinan, nazo zikafundishwa katika shule za kisiwa hicho. Mwanafunzi wake Funakoshi Gichin alionyesha karate mjini Tokyo mwaka 1922, akabaki huko kufundisha. Baadaye kata hizo akaziita Heian, na ile ya kwanza akaibadilishana nafasi na ya pili. Matokeo yake ni kwamba Heian Shodan, yaani ya kwanza, ya Shotokan ni Pinan Nidan, yaani ya pili, katika Shito-ryu. Kadhalika, kata moja huanza kwa kisimamo kirefu chenye uzito mguu wa nyuma kwa watu wa Shotokan, hali wenzao wa Shito-ryu huianza kwa kisimamo kifupi kiitwacho cha paka. Mtu wa mapokeo haya akimwambia wa mapokeo yale kwamba amekosa, huwa hasahihishi kosa bali anabadilisha lahaja.

Tuchukue Heian Shodan kuwa mfano. Ina matendo 21, na njia yake sakafuni hufanana na herufi kubwa I yenye kichwa na kitako. Mtendaji huenda mbele kwa hatua tatu za kinga ya juu, kisha hurudi kwa hatua tatu za ngumi, na mwishowe yampasa kusimama pale alipoanzia. Mwenzi akiweka alama sakafuni, huona mara moja jambo ambalo mtendaji halihisi: akimaliza mbele ya alama, basi hatua zake za kurudi zimekuwa fupi kuliko zile za kwenda. Aghalabu sababu ni uchovu, au goti la mbele lisilokunjwa vya kutosha.

Sasa na tutazame lugha ya masahihisho. Katika ukumbi wa mazoezi husikika maneno kama “tulia”, “tia nguvu”, au “bado hujaiva”. Maneno haya ni hukumu. Hayamwonyeshi mtu la kufanya. Linganisha na kauli hii: “Ulipogeuka baada ya kinga ya tatu ya juu, mguu wa kushoto ulitua karibu mno na mstari wa mguu wa kulia, ndipo mwili ukayumba.” Kauli hii ina mambo matatu ambayo ile ya kwanza haina. Kwanza, yataja mahali katika kata. Pili, kiima cha kitenzi kikuu ni kiungo cha mwili, si mtu. Mguu ndio uliotua, hakuna aliyelaumiwa. Tatu, wakati uliotumika ni uliopita: yaeleza tendo moja lililoonekana, haitoi tabia ya mtu. Anayesikia “wewe huyumba” hujitetea. Anayesikia “mwili uliyumba pale” hurudia pale pale na kujaribu.

Yafaa pia kutenga lililoonekana na lililodhaniwa. Mwenzi ameuona mguu ukitua vibaya, lakini sababu hakuiona. Pengine nyonga zilichelewa, pengine kichwa hakikugeuka kwanza, pengine kisimamo cha kabla kilikuwa kirefu kupita kiasi. Mwenzi akitaja dhana yake kana kwamba ameiona, mtendaji aweza kuhangaika siku nyingi akitibu maradhi asiyo nayo.

Hapa huingia suala la heshima. Katika ukumbi wa Kijapani aliyetangulia kujifunza huitwa senpai, aliyefuata huitwa kohai, na desturi ni kwamba mdogo hamkosoi mkubwa bila kuombwa. Desturi hii haizuii faida ya jicho la mdogo iwapo mkubwa ataanza yeye kuuliza, tena kwa swali dogo: “Nitazamie goti la mbele katika hatua tatu za mwisho.” Swali la namna hii humpa mdogo ruhusa, na humpunguzia mtazamaji mzigo, kwani jicho haliwezi kufuata viungo vyote kwa mara moja. Wakiwapo watazamaji watatu wenye maoni matatu, mtendaji na achague moja, arudie kata, na yule yule aliyelisema atazame tena. Mtihani wa mwisho ni bunkai, yaani kuifasiri kata kwa mwenzi anayeshambulia kweli. Ngumi ikipita kwenye kinga, hapana haja ya hoja.

Hata hivyo, jicho la wenzi lina hatari yake. Wanaofanya mazoezi pamoja miaka mingi huweza kuwa na kosa moja wote, wakalisifu, na wanaowafuata wakalipokea kuwa ndiyo kata yenyewe. Kata hukaa mwilini. Hata palipo kitabu chenye picha, hatua baina ya picha na picha hujazwa na aliyefundisha. Ndiyo maana mwalimu haepukiki, na mgeni anayekuja na jicho jipya si wa kupuuzwa.

Katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, waamuzi saba walitoa alama, asilimia 70 kwa ufundi na asilimia 30 kwa nguvu na wepesi wa mwili, na dhahabu za kata zikaenda kwa Sandra Sánchez wa Hispania na Kiyuna Ryo wa Okinawa. Alama humjulisha mtu cheo chake siku hiyo, lakini haziwezi kumwambia mguu wake ulitua wapi. Kazi hiyo ni ya maneno. Kitenzi kukosoa, kwa umbo lake, chafanana na kufungua na kuchomoa, vitenzi vya kutengua lililotendwa. Basi mwenzi anayekosoa hatakiwi kulitangaza kosa tu. Atakiwa kulifungua, ili aliyelitenda aone lilipofungwa.