Taa za Kuoshea Magari Usiku

Katika kutembelea vikundi vya vijana vya parokia, tumeona kwamba wale wanaoosha matatu hupata kazi nyingi baada ya saa tatu usiku. Si ajabu, kwani mchana gari liko barabarani likitafuta pesa ya mwenyewe. Shida ni mwangaza.

Kikundi kimoja kilikuwa kimetundika balbu ya nyumbani juu ya mti, waya umefungwa kwa karatasi ya nailoni. Kijana mmoja akashika ule waya akiwa amesimama kwenye maji. Alirushwa chini. Alipona, lakini mkono ulikaa na ganzi siku mbili. Tangu hapo, sisi tukifika kwa kikundi tunauliza habari ya taa kabla ya kuuliza kitabu cha hesabu.

Wengi hukimbilia taa za halojeni za wati 500 kwa sababu bei yake ni rahisi. Lakini zile huwaka moto sana, na tone la maji baridi likigonga kioo chaweza kupasuka. Halafu zinakula stima: kwa saa mbili yuniti nzima imekwisha. Taa ya LED ya wati 50 hutoa mwangaza unaokaribia huo, na yuniti hiyo hiyo huiwasha saa 20.

Mkienda dukani, angalieni alama ya IP kwenye boksi. Nambari ya pili ndiyo ya maji. IP44 huvumilia maji ya kurushiwa tu. IP65 huvumilia maji ya mpira. Lakini mashine ya presha si mpira, kwa hivyo msielekeze maji kwa taa hata kama muuzaji ameapa.

Mkitumia stima ya volti 240, mwiteni fundi mwenye leseni aweke erthi na ile swichi ya kinga ya miliampea 30, ambayo hukata stima mara inapovuja. Hiyo swichi mashine ya stima pia yaihitaji. Ni gharama, twajua. Ndiyo maana kwa wenye mashine ya petroli tunapendelea taa za betri ya volti 12, manake hapo hakuna stima kubwa karibu na maji. Taa ya wati 20 huvuta kama ampea 1.7. Betri ya ampea-saa 50, mkitumia nusu yake tu ili isife mapema, itafika asubuhi. Mchana ichajiwe kwa sola. Ile mashine ya petroli nayo isiwashwe ndani ya chumba. Moshi wake huua.

Taa moja haitoshi, kwani upande wa pili wa gari unabaki giza. Wekeni mbili, moja kila upande, juu ya kichwa, zikimulika kutoka nyuma ya anayeosha. Zikimwelekea usoni, ule mvuke wa maji humpofusha. Miguu yenu pia muione: maji ya presha hutoboa ngozi, na hata kama ni kitundu kidogo, mtu aende hospitali usiku huo huo.

Kile kikundi kilichanga, kikanunua taa mbili na betri. Sasa wanabishana ni nani ataibeba betri nyumbani.