Kiraka Kilichokawia Njiani

Mfumo wa Android umejengwa juu ya hadhari: kila programu tuitiayo simuni huishi kama mpangaji ndani ya chumba chake, hata ile ya picha isiweze kuchungulia ujumbe wa benki, ilhali kerneli, yaani kiini cha mfumo, ndiyo iliyoshika funguo zote. Mpangaji akifanya hila akajitwalia mamlaka ya kerneli, basi hakuna siri iliyosalia. Na hila ya namna hiyo iliwezekana kwa dosari iliyosajiliwa CVE-2019-2215, ambayo kisa chake chanisikitisha kwa kuwa tiba ilikwisha kupatikana, na watu wakaponzwa na kukawia kwake.

Dosari ilikuwa katika Binder, njia ambayo programu za Android hupelekeana habari, na ambayo kwa sababu hiyo haiwezi kufungwa kwa programu yoyote. Kipande cha kumbukumbu kilichokwisha kuachiliwa kiliendelea kutumiwa kana kwamba bado kina mwenyewe, na mjuzi mwenye nia mbaya aliweza kukijaza ayatakayo, kerneli ikayatii. Novemba 2017 syzkaller, chombo cha Google cha kuipekua kerneli, kiliigundua, na mapema mwaka 2018 Linux, kerneli ambayo Android huitumia, ikatiwa kiraka. Lakini wakati huo dosari haikupewa nambari ya CVE, ya kuisajili hadharani, wala kiraka chake kutajwa katika taarifa za kila mwezi za usalama wa Android, na simu nyingi zikabaki wazi: Pixel 2 ya Google yenyewe, Samsung Galaxy S7, S8 na S9, Huawei P20, Xiaomi Redmi 5A.

Maddie Stone wa Project Zero, kikosi cha watafiti wa Google, alipopata habari kuwa dosari hiyo yatumiwa kushambulia watu, na kwamba yasemekana chombo cha kufanyia hivyo chatoka kwa NSO Group, kampuni ya Israel ya programu za upelelezi (nao wakakana), aliiarifu timu ya Android tarehe 27 Septemba 2019, akiwapa siku 7 za kuiziba kabla haijatangazwa, badala ya 90 za kawaida. Wapo waonao muhula huo ni mkali mno. Mimi nauona wa haki, maadamu wanaodhuriwa hawakupewa muhula wowote. Kiraka kilitoka Oktoba, na Januari 2020 kampuni ya usalama Trend Micro ikatangaza kuwa imeikuta katika duka la Google Play programu iitwayo Camero, iliyojifanya ya picha, ikiitumia dosari ile ile.

Mwenye simu hana uwezo wa kuishona kerneli, ila aweza kufungua mipangilio na kutazama tarehe ya kiraka cha usalama: ikiwa ni 6 Novemba 2019 au baadaye, dosari hii imezibwa. Ikiwa tarehe imesimama kwa miaka, maana yake mtengenezaji ameiacha simu hiyo, nami singeshauri itiwe programu ya benki, hata kioo chake kiwe kizima na betri yake imara. Na anunuaye simu, mpya au ya mkononi, aulize kabla ya kutoa fedha itaendelea kuletewa viraka mpaka mwaka gani.