Kipimo kimoja ndicho huunganisha

Mimi huunda vijahazi vya mbao, kila kimoja kwa kukadiria kwa macho. Januari, kwenye maonyesho makubwa ya treni za mfano huko West Springfield, Marekani, niliona kosa langu. Treni nyingi pale ni za kipimo cha HO, yaani 1 kwa 87. Reli kama ya SGR yetu, upana wa milimita 1,435, hapo ni milimita 16.5. Kila mtu huja na meza yake, lakini kimo na mahali pa reli ukingoni vimeshakubaliwa. Meza za wasiojuana huunganishwa, treni ikapita.

Vijahazi vyangu na vya wanagenzi wangu haviwezi kutia nanga bandari moja. Sasa jahazi la mita 15 litakuwa sentimita 17, inshallah.