Ndege za Vita Zinazoachwa Nyuma

Mara nyingi twasikia kwamba ndege ya vita imeanguka katika nchi ya adui, na rubani wake ameokoka. Je, chombo chenyewe hufanywaje? Yafaa tueleze jambo hili, hasa kwa ajili ya wanafunzi wapendao ufundi.

Kwanza wakubwa wa jeshi huangalia kama ndege yaweza kutengenezwa au kuchukuliwa. Helikopta kubwa huweza kuinua nyingine kwa kamba na kuirudisha kambini. Isipowezekana, askari huondoa vitu vya siri: redio, karatasi za maneno ya fumbo na silaha. Kinachobaki huchomwa moto au hulipuliwa kwa baruti. Pengine wenzao hurudi angani kuipiga mabomu. Wakati ukiwa mfupi huvunja viungo vya lazima tu, nao hufuata kanuni moja ya busara: ndege zikiwa nyingi za namna moja, kiungo kilekile huvunjwa katika zote. Maana wakiharibu injini ya hii na usukani wa ile, adui atatwaa mbili aunde moja nzima.

Hasara ya kuacha ndege bila kuiharibu ilionekana katika vita kuu ya pili. Tarehe 4 Juni 1942 Wajapani walishambulia Dutch Harbor, katika visiwa vya Aleutian, nchi ya Alaska. Rubani mmoja, Tadayoshi Koga, kijana wa miaka 19, alipigwa risasi, na mafuta ya injini ya ndege yake aina ya Zero yakaanza kuvuja. Akaenda kutua katika kisiwa cha Akutan. Toka juu aliona uwanda wa majani. Kumbe chini yake palikuwa matope. Magurudumu yakazama, ndege ikapinduka kichwa chini, naye akafa palepale.

Wenzake wawili walikuwa wakizunguka juu. Amri ilikuwa wazi: Zero iliyoanguka kwa adui iharibiwe. Lakini walidhani Koga yungali hai ndani yake, wakashindwa kumpiga ndugu yao. Wakaenda zao.

Tarehe 10 Julai Wamarekani waliiona ndege ile. Wakaitoa matopeni, wakaipeleka San Diego kwa meli, wakaitengeneza, na mwezi wa Septemba ikaruka tena. Ndipo walipozijua tabia zake. Ikienda mbio sana, ilikuwa nzito kujiviringisha, hasa upande wa kuume. Na ikiinamisha pua kwa ghafula, injini ilikatika, kwa kuwa petroli haikufika sawasawa. Marubani wa Marekani wakafundishwa kuikimbia Zero kwa kushuka kwa kasi na kupinda kuume.

Mambo ya namna hiyo yametokea tena. Mwezi wa Aprili 1980, katika jangwa la Iran, helikopta ya Marekani iligongana na ndege, watu 8 wakafa. Waliosalia wakaondoka upesi, wakaziacha helikopta nyingine, baadhi yake zikiwa na karatasi za siri. Tarehe 2 Mei 2011, huko Abbottabad, Pakistan, Wamarekani waliilipua helikopta yao iliyoanguka, lakini mkia ukabaki, na watu wote wakauona katika picha. Nao walipotoka Kabul, mwezi wa Agosti 2021, waliziharibu ndege 73 zisiweze kuruka tena.

Basi, wenzake Koga tuwahukumuje? Kwa hesabu ya vita walikosea, maana adui alipata faida kubwa. Lakini hawakujua kwamba amekwisha kufa. Mbele yao ulikuwa uhai wa mwenzao upande mmoja, na siri ya mashine upande wa pili. Ninyi wanafunzi, jiulizeni: ningalikuwa mimi angani siku ile, ningalifanya nini?