Fundi wa umeme anaanzia kwenye majani

Wanafunzi wenzetu, wengi wanasema: "Nikimaliza masomo nitakuwa fundi wa umeme." Ni vizuri kabisa. Lakini kazi ile inaanzia wapi?

Haianzi na waya. Kwenye sentrali ya maji, kijana wa staji anapewa kwanza reki. Mbele ya bomba kubwa kuko chujio la vyuma, na mto unaleta majani. Chujio likiziba, maji yanapungua, na umeme vilevile. Kisha anasoma vipimo vya mashini na kuviandika katika kitabu. Anayeandika uongo anaficha ugonjwa wa mashini.

Hesabu nayo iko pale. Lita 1000 za maji kila sekunde, zikianguka meta 10, zina nguvu ya kilowati 98. Nyingine inapotea njiani. Zinabaki kama 70. Sentrali ya Matebe, huko Rutshuru, ilifunguliwa 2015, nayo ni ya megawati 13 hivi. Na sisi wa Masisi na Walikale, je, hatuna Osso na Lowa?

Mwisho, sheria kubwa: usiguse waya kwa kuambiwa tu kwamba umeme umekatwa. Kata, funga kwa kufuli, pima kwa chombo, ndipo uguse. Waya wenye umeme na waya mfu vinafanana machoni, na kosa la kwanza laweza kuwa la mwisho.

Basi, ndugu, anayedharau reki na hesabu leo, kesho nani atamkabidhi waya?