Kuitumia Upya Ramani ya Mapigano: Mfano wa Raphia, 217 K.K.

Mwalimu wa historia hukabiliwa na tatizo la kuwaonyesha watoto mahali ambapo wao hawajapata kufika, wala yeye mwenyewe hajafika. Jina la mapigano na mwaka wake huandikwa ubaoni, hunakiliwa daftarini, na husahauliwa kabla ya likizo. Ramani hupunguza tatizo hilo. Mchezo unaochezwa juu ya ramani hulipunguza zaidi, kwa kuwa mtoto hulazimika kuamua: askari wake wapande kilima au wangoje bondeni? Lakini kutengeneza ramani mpya kwa kila somo ni kazi ya majuma mengi, na mwalimu hana majuma hayo. Kwa hiyo tunakusudia kueleza jinsi ramani iliyokwisha kutengenezwa na wengine inavyoweza kugeuzwa kuwa uwanja wa mapigano mengine, bila kuwafundisha watoto uongo.

Mfano wetu ni mchezo wa kompyuta uitwao 0 A.D., unaohusu vita vya kale na kutengenezwa na watu wanaojitolea wa kikundi cha Wildfire Games. Mchezo huu wenyewe ulianza kama wazo la kurekebisha mchezo wa wengine, Age of Empires II, kisha ukajitegemea. Tangu mwaka 2009 programu yake iko wazi, na kila mtu anaruhusiwa kuisoma, kuibadili na kuwagawia wengine, mradi afuate masharti ya leseni yake. Haulipiwi. Ndani yake wamo Warumi, Wakarthago, Waajemi, Wakushi wa bonde la Nile na wengineo. Zimo pia falme mbili zilizopigana Raphia: ufalme wa akina Ptolemy wa Misri na ule wa akina Seleucus wa Asia.

Mapigano ya Raphia yalitokea tarehe 22 Juni 217 K.K. karibu na mji ambao leo huitwa Rafah, mpakani mwa Gaza na Misri. (Mtoto anayesikiliza redio atalitambua jina hilo. Mwalimu asilikwepe swali lake.) Kwa hesabu ya Polybius, mwanahistoria wa Kigiriki, Ptolemy IV alikuwa na askari wa miguu 70,000, wapanda farasi 5,000 na tembo 73. Antiochus III alikuwa na askari wa miguu 62,000, wapanda farasi 6,000 na tembo 102. Antiochus alilivunja bawa la adui lililomkabili, akalifukuza mbali mno. Huku nyuma bawa lake la upande wa pili likavunjwa, na safu zake za kati zikashindwa na askari wa Ptolemy wenye mikuki mirefu. Aliposhtuka, mambo yalikuwa yamekwisha.

Sasa tuje kwenye ramani. Mchezo huu una chombo chake cha kuhariri ramani, kiitwacho Atlas. Hatua ya kwanza, kabla ya kugusa chochote, ni kuifungua ramani ya zamani na kuihifadhi kwa jina jipya. Asiyefanya hivyo huharibu kazi yake kabla haijaanza. Mhariri wa Atlas huziweka ramani za mtumiaji mahali pake, mbali na zile za asili. Anayetaka kuwagawia wenzake huzipanga katika folda ya modi yake, yenye faili fupi iitwayo mod.json inayotaja jina la modi, toleo lake na toleo la mchezo linalohitajika. Faili ya modi yenye jina na njia sawa na ya mchezo wenyewe ndiyo itakayosomwa. Ni vema kulikumbuka jambo hilo wakati wa kuchagua majina.

Kila ramani imehifadhiwa katika faili mbili. Moja hubeba umbo la ardhi, yaani miinuko, mabonde na rangi ya udongo. Nyingine ni ya maandishi, nayo hutaja kila mti, jiwe, jengo na askari, mahali aliposimama na upande anaotazama. Mgawanyo huu ndio unaowezesha kazi yetu. Twaweza kuiacha ardhi kama ilivyo na kubadili jeshi lote, au kuliacha jeshi na kuibadili ardhi.

Lakini ni ardhi ipi inayofaa? Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuchagua ramani kwa uzuri wake. Raphia ilikuwa tambarare ya mchanga kati ya jangwa na bahari. Hapakuwa na mto wala mlima wa kujificha. Mwanachuo atakayeichukua ramani ya Acropolis Bay, ghuba ya Kigiriki, akawapanga tembo wake kando ya vilima, atakuwa amewafundisha watoto mapigano mengine kabisa, hata akiandika Raphia kwa herufi kubwa. Kufukuza mbali mno, kosa lililomwangusha Antiochus, kunawezekana tu mahali palipo wazi. Kwa hiyo tutafute ramani ya jangwa iliyo tambarare, tufute miti iliyozidi, tusawazishe miinuko kwa brashi ya Atlas, na tupime kimo cha maji ili bahari ibaki upande mmoja. Kivuli cha jua na rangi ya mbingu vinaweza kungoja.

Baada ya ardhi hufuata jeshi. Mchezo hutofautisha ramani za aina mbili zinazotuhusu. Katika aina ya kwanza kila mchezaji huchagua taifa lake, na askari waliowekwa hubadilika kulingana na chaguo hilo. Katika aina ya pili mataifa na askari wamekwisha kupangwa. Kwa somo la historia twahitaji hiyo ya pili; vinginevyo mtoto atawachagua Warumi, ambao hawakuwapo Raphia.

Hatuwezi kuweka askari 70,000. Tuchukue kiolezo kimoja badala ya watu 500. Ptolemy atapata askari wa miguu 140 na wapanda farasi 10, Antiochus 124 na 12. Kwa kipimo hicho hicho tembo 73 hawatoshi hata kiolezo kimoja, na bila tembo Raphia si Raphia. Hivyo tembo tuwape kipimo chao, mmoja kwa kumi, yaani 7 dhidi ya 10. Tuwaambie watoto waziwazi kwamba tumetumia vipimo viwili, na kwa nini. Wakipewa nafasi ya kuzifanya hesabu hizo wenyewe, kipindi cha hisabati kitakuwa kimepata mazoezi yasiyochosha.

Kuhusu tembo hao lipo jambo ambalo watoto wetu wana haki ya kulihoji. Polybius anasema tembo wa Kiafrika wa Ptolemy waliwaogopa tembo wa Kihindi kwa ukubwa wao, harufu na sauti. Mtoto aliyemwona tembo wa Mikumi au Tsavo atacheka, na atakuwa na sababu: tembo wetu wa nyika ni mkubwa kuliko wa Bara Hindi. Wataalamu wengine walidhani tembo wa akina Ptolemy, waliokamatwa pwani ya Bahari ya Shamu, walikuwa wa jamii ndogo ya msituni; lakini uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba tembo wa Eritrea ni wa nyika. Pengine wale wa Ptolemy hawakuwa wamekomaa au hawakufunzwa vya kutosha. Tusiupunguze nguvu mchoro wa tembo wa Kiafrika katika faili ili tu matokeo yafanane na kitabu. Tucheze mara mbili, mara moja kwa nguvu sawa, mara nyingine kwa kumfuata Polybius, kisha tuwaulize watoto ni wapi maelezo yake yanahitaji ushahidi zaidi.

Shule isiyo na kompyuta haikosi njia. Sanduku la mchanga lenye urefu wa mita moja hutosha. Upande mmoja kitambaa cha buluu kiwe bahari. Vizibo vya soda viwe askari wa miguu, mbegu za maboga wapanda farasi, kokoto ziwe tembo. Mchanga ule ule hutumika tena kwa mapigano mengine kesho yake. Kanuni ni ile ile ya Atlas: ardhi kwanza, kisha jeshi.

Mwishoni mwa mchezo ibakizwe dakika kumi ya vizibo arobaini katika jeshi la Ptolemy. Hao ni Wamisri wenyeji 20,000, waliopewa mikuki na kufunzwa kupigana katikati ya safu pamoja na Wamakedonia. Polybius anaeleza kwamba ushindi wa Raphia uliwatia moyo Wamisri hata wakawaasi watawala wao wa kigeni. Watoto wavitenge vizibo hivyo pembeni ya sanduku, kisha wajadiliane: askari hao walikuwa wa nani?