Jirani wa Nyuma ya Ua

Shamba la ekari tano hivi, nje kidogo ya mji wa Wote. Mwenyewe amelikata ploti arobaini za futi hamsini kwa mia, ishirini kila upande wa barabara moja inayoingia kutoka lami na kugota kwenye ua. Mwaka unaofuata jirani naye anauza, anakata vivyo hivyo: barabara yake, na mwisho wake.

Sasa nyumba mbili za ndani kabisa zimepeana migongo. Mama wa huku anamsikia wa kule akikohoa. Akitaka kumfikia, atatembea mita 300 hadi lami, mita 60 kando yake, kisha 300 nyingine kuingia ndani. Mita 660! Mbebeshe mtungi wa lita ishirini, au fikiria bodaboda inayomtafuta mjamzito usiku, uone uzito wa hesabu hiyo.

Mwaka 2020 watafiti wawili, Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball, walitoa utafiti uliopima jambo hili duniani kote. Walitumia OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea, pamoja na picha za setilaiti zinazoonyesha miji ilivyopanuka tangu 1975. Waliuliza maswali ambayo hata mtoto angeuliza: kwenye njia panda zinakutana barabara ngapi? Ngapi zinaishia ukutani? Safari ya mguu inaizidi ya ndege arukaye moja kwa moja kwa kiasi gani? Jibu lao linasikitisha. Kwa jumla, mitaa mipya ya dunia imezidi kukosa kuunganishwa. Katika utafiti wao wa awali, Marekani ilionekana kufikia kilele cha ubaya huo mnamo 1994, kisha ikaanza kujirekebisha.

Kinachonishughulisha zaidi ni ukaidi wa barabara. Nyumba hubomolewa, duka hugeuka kanisa, lakini mstari wa barabara ukishaingia kwenye hatimiliki za watu arobaini, nani atakubali kukatwa ploti yake ili njia ipite? Ndiyo maana wakati wa Kitui, Wote, Emali na Kibwezi ni huu, mashamba yangali yanapimwa. Idhini ya kugawa ardhi hutolewa na kaunti. Kumtaka mwenye shamba aache njia ya upana wa mita chache mwishoni, ielekeane na ya jirani, hakumgharimu hata ploti nzima. Yule mama angefika kwa dakika moja.

Watu wenyewe wameshalielewa hili bila setilaiti. Tazama ploti yoyote isiyojengwa: njia ya panya imeikata kwa mshazari, imesuguliwa na viatu vya shule na kwato za punda. Hudumu mpaka siku lori la mawe linaposhusha na fundi anapoanza kuchimba msingi wa ukuta. Asubuhi yake watoto hufika pale, husimama kidogo, kisha hugeuka kuelekea lami.